Mkuu wa Samoni Kutoka Bredäng

Jumatatu, 12 Oktoba 2009

Kazi imeanza. Mimi, Zénon, mkazi wa Bredäng, sasa ni mtumishi wa samoni. Mkataba ni wa msimu tu, mpaka barafu ifunge mto. Lakini watu wakubwa wote walianza na msimu.

Nimetoka nyumbani kukiwa giza. Treni ya chini ya ardhi hadi mjini, treni ya mkoa hadi Upplands Väsby, kisha gari la mradi likatubeba kaskazini. Mto wenyewe si mpana. Nimeona mipana zaidi. Ila una bwawa la zamani la kinu, na samoni wanaotoka baharini kuja kutaga hufika ukutani wakakwama. Ndiyo maana tupo. Pembeni mwa ukuta kuna ngazi ya maji, na juu ya ngazi kuna mtego. Samaki anapanda, anaingia mtegoni, sisi tunamtoa.

Mkubwa wetu ni Gunvor, mtaalamu wa samaki, mwanamke mrefu asiyejua baridi ni nini. Ametufundisha jambo moja kubwa. Samoni aliyeanguliwa kwenye kituo cha kuzalisha samaki hukatwa kipezi kidogo cha mgongoni, kile cha karibu na mkia, kabla ya kuachiwa mtoni. Akirudi bila kipezi, tunamjua. Tunamweka tangini na wakati ukifika tunamkamua mayai. Lakini mwenye kipezi chake ni mzaliwa wa mto. Huyo hakamuliwi. Anavushwa ukuta akatage mwenyewe, kama mama zake. Gunvor alisema wamebaki wachache mno. Mwaka jana hawakuona jike hata mmoja wa aina hiyo. Alipolisema hilo aliacha kutabasamu.

Kisha nikamwambia asiwe na hofu. Mimi na samaki ni ndugu, nimekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Si uongo. Nilipokuwa mkimbizi Kigoma nilikuwa nauza dagaa.

Mke wangu Dancille, nilipomsimulia, alisema samaki niliowahi kuwashika wote walikuwa wamekauka. Wivu huo.

Wakati wa kuagana Gunvor alisema kazi yangu ilikuwa helt okej. Yaani sawa kabisa. Sawa! Na juu yake, kabisa! Binti yetu Mélissa anasema hiyo si sifa. Alisema kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Ana miaka kumi na miwili. Anajua nini?

Jumatano, 14 Oktoba

Nimempata adui. Anaitwa Matia.

Mganda, anakaa Upplands Väsby, msimu wake wa pili. Hilo la msimu wa pili amelitaja kabla ya chai, wakati wa chai na baada ya chai. Ana kofia ya mradi ya mwaka jana, yenye picha ya samaki. Sisi wapya hatujapewa kofia. Na ana hadithi ya sangara aliyemvua Entebbe akiwa kijana. Asubuhi sangara alikuwa urefu wa mtoto. Kufikia mchana alikuwa urefu wa Gunvor.

Leo mtegoni kulikuwa na dume mkubwa, taya limepinda kama kulabu. Nilimkamata kwa ustadi. Yeye akanipiga mkia mdomoni akarudi majini. Matia akaja, akamnyanyua kama mtu anayechukua mkate dukani. Gunvor akamwambia jättebra. Nzuri kama jitu! Mimi sawa kabisa, yeye nzuri kama jitu. Dharau ya wazi.

Habari kubwa: Jumamosi ya tarehe 24 ni siku ya wageni. Watoto wa shule, wazazi, mpiga picha wa gazeti la mtaa. Mmoja wetu atashika samaki mbele ya watu wakati Gunvor anamkamua mayai. Mmoja tu.

Nimeamua ni mimi.

Nimempigia simu Édouard, mwenyekiti wa kanisa letu la Warundi kule Jakobsberg. Nimemwalika na waumini wote. Nimemwambia huku mimi ni Mkuu wa Samoni. Akauliza kama siku hiyo kutakuwa na samaki wa kugawa. Nikamjibu kwamba mtoni hapatoki samaki bila mimi kujua. Ni kweli tupu. Wakitoka nawaona.

Ijumaa, 16 Oktoba

Mazoezi ndiyo siri ya mafanikio. Nimenunua samoni mzima dukani, wa kufugwa, tayari marehemu. Nikajaza maji kwenye beseni la kuogea. Samaki wa duka hatelezi kama wa mto, kwa hiyo nikamsaidia kwa sabuni ya vyombo.

Nilimnyanyua mara nyingi, mbele ya kioo, huku nikitabasamu kuelekea mahali ambapo mpiga picha angesimama. Ushindi. Mara moja tu aliniponyoka, akaruka juu ya beseni, akateleza sakafuni hadi ukumbini na kusimama miguuni pa Dancille, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini na koti bado mwilini.

Dancille alivua koti kwanza. Alimtazama samaki, akanitazama mimi na suruali yangu ya mpira inayofika kifuani. Akasema angalau chakula cha jioni kimepatikana.

Tulimkaanga kwa limau nyingi. Bado alitoa povu. Mélissa alikula mkate.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimegundua! Si ujuzi. Ni glavu!

Matia anavaa glavu za sufu, za kijivu, zilizofumwa kwa mkono. Nyuzi zinashika magamba, samaki hana pa kwenda. Mimi siku zote nimekuwa nikishindana na mtu mwenye silaha. Alipokwenda kunywa kahawa niliziazima. Hakuwepo, kwa hiyo sikuweza kumwomba. Nia yangu ni kuzichunguza na kutafuta za aina hiyo, basi. Nikitumia siku moja au mbili katikati hapo, hiyo ni sehemu ya uchunguzi.

Zinanuka vibaya mno. Kesho ni zamu yetu katika chumba cha kufulia cha jengo. Nitazifua. Ukiazima kitu cha mtu unamrudishia kikiwa safi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Jumanne, 20 Oktoba

Sufu haipendi maji ya moto. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Glavu zimetoka zikiwa na ukubwa wa kumtosha mtoto mchanga, tena mtoto mdogo wa umbo. Nimezivuta. Nimezikalia. Nimejaribu kuzivalisha chupa ya maziwa ili zipanuke. Zimenifunga mkono wangu mmoja kwa dakika kadhaa na kidole gumba kikabadilika rangi.

Nimezificha nyuma ya unga wa mihogo. Dancille hatazami huko kabla ya Krismasi.

Alhamisi, 22 Oktoba

Matia hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba glavu zake zimepotea, na kwamba zilifumwa na marehemu mama mkwe wake, Mswidi wa kijijini, ambaye kwa miaka mingi hakutaka kumwona, kisha siku moja akampa zile glavu. Alisimulia huku akikunja wavu. Nilitamani angefoka. Mtu akikufokea unajua pa kusimama.

Nilidhani mikono mitupu ingemwangusha. Haikumwangusha. Alipoteza samaki mmoja tu, na mimi kwa bahati mbaya nilipoteza wanne.

Baadaye Gunvor akagawa kazi za Jumamosi. Matia atashika samaki. Mimi nitasimama barabarani na kizibao cha njano niwaonyeshe wageni pa kuegesha magari.

Nimetafakari njiani kwenye treni. Mtu wa kwanza ambaye kila mgeni atamwona ni nani? Ni mimi. Nimempigia Édouard kumjulisha kwamba nimeongezewa Idara ya Mapokezi. Alifurahi sana. Alisema watu wanakuja na masanduku ya barafu.

Sikuuliza ya nini.

Jumamosi, 24 Oktoba

Naandika nikiwa nimejifunika mablanketi mawili. Nitaandika polepole, kwa mpangilio, kwa maana siku hii wajukuu watataka kuisoma.

Asubuhi niliegesha magari. Hakuna gari lililoingia mtoni. Basi dogo la kanisa lilifika kutoka Jakobsberg, wakashuka waumini na mavazi ya Jumapili, Édouard mbele na tai nyekundu, nyuma yake masanduku ya barafu, kila familia na lake. Dancille na Mélissa walikuja nao. Mélissa akaenda kusimama mbali kidogo, karibu na watoto wa shule, kama mtu asiyenifahamu. Nilimpungia mkono. Aliangalia mti.

Kisha Dancille akafanya jambo ambalo mke hapaswi kufanya. Alifungua mkoba akatoa zile glavu. Amepika ugali wa mihogo jana, bila taarifa. Akamwendea Matia moja kwa moja, akamwambia mume wake amemharibia kitu chenye thamani na kwamba tunaomba radhi. Nikatazama maji. Matia alizigeuzageuza kiganjani. Halafu akacheka hadi akashika nguzo. Alisema mama mkwe angecheka zaidi. Akazibana kofiani, moja kila upande, kama masikio. Kofia ile sasa ni nzuri maradufu. Kila ninachofanya kinamnufaisha mtu yule.

Maonyesho yakaanza. Matia alishika jike, Gunvor akampapasa tumbo, na mayai yakamiminika kwenye beseni, ya rangi ya chungwa, yanang'aa kama shanga. Watoto wote walisogea mbele. Wakayatia maji meupe ya dume, Gunvor akakoroga taratibu kwa unyoya wa bata bukini. Akasema hapo hapo, machoni petu, maisha yameanza. Mama mmoja wa kanisa akasema amina.

Ndipo Édouard akapandisha mkono. Kwa Kiswidi kizuri sana, chenye adabu, akamuuliza Gunvor ni samaki yupi wa Warundi.

Gunvor hakuelewa. Édouard akafafanua kwamba Mkuu wa Samoni ameahidi mgao, na masanduku yako tayari. Gunvor akauliza ni mkuu yupi. Watu wote wa Jakobsberg wakageuka wakanitazama, mimi na kizibao changu cha njano. Gunvor akaeleza, bila hasira, kwamba hapa hakuna samaki wa kuliwa. Kuwachukua ni kosa kisheria. Hawa ni wazazi wa mto.

Édouard alifunga sanduku lake, ingawa halikuwa limefunguka. Akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini: "Zénon, watu wameacha kazi zao za Jumamosi kwa ajili yako."

Kisha akalibeba sanduku lake tupu akarudi kwa wenzake. 

Wakati huohuo mlinzi wa mtego akaita. Ameingia samaki. Gunvor akakimbia, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Alikuwa jike. Mkubwa kuliko wote wa msimu huu, mgongo mweusi, ubavu kama fedha iliyokaa sana kabatini. Na karibu na mkia, kidogo kama ncha ya kidole, kipezi chake kilikuwepo.

Gunvor aliweka mkono mdomoni. Mzaliwa wa mto.

Ilibidi avushwe mara moja. Wanambeba watu wawili, kwa machela ya turubai iliyoloweshwa, juu ya daraja jembamba la ukutani. Matia alikuwa bado ameshika dume. Gunvor akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniona mimi. Nikasema niko tayari. Nilisema kwa sauti ya kumfikia Édouard.

Tulimbeba vizuri. Hatua zangu zilikuwa imara. Tulipofika upande wa juu Gunvor akaniagiza niishushe machela majini, basi, samaki aende zake. Lakini ng'ambo alikuwa amesimama mpiga picha, kamera usoni. Na kanisa zima lilikuwa likitazama. Nikaona hakuna dhambi kumnyanyua kidogo tu.

Nikamnyanyua. Kwa muda mfupi nilikuwa nimemshika samoni mzaliwa wa mto, mikononi mwangu, mbele ya watu wa Mungu. Kisha akanipiga mkia sikioni na sote wawili tukaanguka.

Maji yale hayana maelezo. Yalinifika kifuani, yakaingia kwenye suruali ya mpira, yakanijaza kama mtungi. Lakini sikumwachia! Nilipoinuka alikuwa bado mikononi mwangu, na hakuwa akitikisika. Amelala ubavu. Tumbo lake jeupe limeelekea juu.

Nilisikia Gunvor akiita. Alisema nimgeuze kichwa kukabili maji, nimshike hivyo, nisimsukume, nisimtikise, maji yapite mdomoni mwake. Nikafanya hivyo. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine shingoni mwa mkia.  Miguu yangu sikuisikia tena. Niliwaza jinsi alivyotoka baharini mpaka hapa, akapanda ngazi yote ile, akakutana na mimi. Nilimwomba msamaha kwa Kirundi, kimoyomoyo. Mpiga picha nilimsahau. Kwa kweli nilimsahau.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Gunvor alikuwa ameshaingia majini kuja kunipokea. Ndipo nikasikia sauti nyembamba ukingoni, karibu kabisa, kwa Kiswahili.

"Baba, anapumua."

Mélissa alikuwa amepiga magoti kwenye mawe, magoti yote yamelowa. Nikatazama. Kweli, shavu la samaki lilikuwa linafunguka na kujifunga. Kidogo, kisha zaidi. Nikahisi mwili wake ukikaza mikononi mwangu kama kamba inayovutwa.

"Usimwachie bado," akasema Mélissa.

Sikumwachia. Aliondoka mwenyewe. Alitikisa mkia mara moja, akateleza kati ya vidole vyangu na kuzama kwenye maji meusi, akielekea juu.

Mvulana mmoja wa shule alimuuliza Mélissa mzee yule majini ni nani. Nilisikia vizuri, kwa sikio lile ambalo halikupigwa. Alijibu kwa Kiswidi kwamba ni baba yake. Hakuangalia mti.

Walinivuta wakanitoa, Gunvor mkono mmoja na Matia mwingine. Édouard alivua koti lake jipya akanivalisha, akanifunga vifungo mwenyewe kwa sababu vidole vyangu havikukubali. Gunvor aliniambia kwamba ningeweza kumuua samaki yule, na kwamba nisirudie tena, kamwe. Kisha akanishika bega, akalibana, akakaa hivyo muda kidogo. Macho yake yalikuwa yamelowa. Upepo labda.

Masanduku ya barafu hayakurudi bure. Matia aliwaonyesha kina mama uyoga wa msituni, ule wa njano unaoliwa, wakayajaza.

Jumapili, 25 Oktoba

Kanisani Jakobsberg. Nina mafua makubwa. Édouard alisimama kwenye matangazo akasema kwamba ndugu yetu Zénon alituahidi samaki, na badala yake ametuonyesha mmoja akienda zake, na yeye binafsi tangu jana hajaacha kumfikiria yule samaki. Watu wakapiga makofi. Wengine walicheka, lakini kwa heshima.

Nilisimama nikainama kidogo. Dancille akanivuta koti nikae. Niliinama tena.

Mchana Mélissa alikuja jikoni akaniuliza kipezi kile kwa Kiswahili kinaitwaje. Nikamwambia. Akalirudia neno, akaandika mkononi kwa kalamu. Nilitoka nikasimama barazani peke yangu kidogo, kwa sababu ya yale mafua.

Alhamisi, 29 Oktoba

Gazeti limetoka. Picha ni ya Matia na kofia yake yenye masikio, ukurasa mzima. Nyuma yake, ukitazama kwa makini, kuna buti linaloelekea mbinguni. Ni langu. Limetoka vizuri sana, unaona hadi soli. Nimenunua nakala za kutosha familia zote za Jakobsberg, na kwenye kila moja nimechora mshale.

Gunvor amenipa kofia ya mradi. Alisema pia kwamba mwakani naweza kuomba tena, iwapo nitakuwa nimejifunza kufuata maagizo. Nikamhakikishia nimejifunza. Matia alinipigia makofi, akanisimulia kuhusu sangara. Sasa ni urefu wa basi. Nikamwambia kwetu Tanganyika tunawarudisha majini wa kimo hicho, bado watoto.

Jioni Édouard alipiga simu kuuliza hali yangu. Aliuliza pia, kwa upole, mto ukiganda nitafanya kazi gani.  Jibu likaja lenyewe, kama majibu yanavyonijia daima. Nimemwambia kuanzia Januari nimeteuliwa kuhesabu dubu wa kaskazini. Alistaajabu. Alisema ataandaa basi, kanisa zima lije kunitazama kazini.

Dancille alisikia kutoka jikoni, akaweka sufuria chini. Aliuliza kama nimewahi kumwona dubu. Wanawake huogopa mapema. Nimeulizia kwa watu wanaojua: wakati wa baridi dubu wote wamelala. Kuna ugumu gani kumhesabu aliyelala?